Mbuzi wa Kibera Mpandie Mti

Akiba haiozi, walisema wazee. Na kwa mtu wa kipato kidogo hapa Nairobi, akiba aghalabu ina miguu minne. Pita kando ya reli ya Kibera asubuhi yoyote utawaona mbuzi wakichakura jalala. Ingia vichochoro vya Kawangware utasikia kuku na bata, na nyuma ya ua wa mabati ng'ombe akilia njaa. Mwenyewe hakumweka pale kwa mapambo. Amemweka awe karo ya mtoto shule zikifunguliwa Januari, au pesa za hospitali siku homa itakapobisha hodi usiku wa manane.

Lakini je, mnyama huyo anakula nini? Akila takataka, kuna siku atameza plastiki ambayo tumbo lake haliwezi kuisaga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, ila plastiki za aina nyingine bado zinazagaa. Mbuzi akishajaa plastiki hudhoofika polepole hadi akafa, na mwenyewe akabaki akipepesa macho, karo imekwenda na maji. Akinunuliwa chakula cha gunia dukani, faida yote humezwa na hilo gunia.

Mpenzi msomaji, juma hili nataka tuzungumzie mti. Najua utaniuliza, mti na mbuzi wapi na wapi? Na mti Kibera utaupanda wapi, darini? Nivumilie kidogo.

Jina limebaki, msitu umekwenda

Waulize Wanubi wazee watakwambia kuwa Kibera asili yake ni Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Ndivyo palivyokuwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya mkoloni iliwapa askari wake Wasudani wa jeshi la KAR mahali hapa wakae na jamaa zao. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Watu walijenga, wakalima, wakafuga, na miti ikawa imewazunguka. Hapakuwa na mtaalamu aliyewaambia kwamba mahindi, ng'ombe na mti vinaweza kukaa pamoja. Waliona wenyewe.

Mji ukaja ukala ardhi hiyo kipande kwa kipande. Wanubi waliidai haki yao miaka mingi, na mwaka 2017 wakakabidhiwa hatimiliki ya jamii ya ekari 288. Linganisha mwenyewe hizo 288 na zile 4,197. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera, na wote hao wanalala, wanapika na wanafua mahali ambapo zamani paliitwa msitu.

Kawangware nako jina lina ndege ndani yake. Ngware kwa Kikikuyu ni kware, ndege wa vichakani. Hii ilikuwa nchi ya mashamba ya Dagoretti, na tofauti yake na Kibera ni kwamba ploti nyingi zina wenyewe, watu walioachiwa na baba zao au walionunua. Hata leo nyuma ya vyumba vya kupangisha utaona mgrevilea mmoja, migomba miwili mitatu, na banda la ng'ombe. Hayo ni masalio ya shamba.

Si jambo geni

Kupanda miti, mimea na kufuga wanyama katika shamba moja ndiko wataalamu wanakoita kilimo mseto. Maana yake si kutupa mche popote. Maana yake ni kupanga mambo ili kila kimoja kimlishe mwenzake. Mti unampa mbuzi majani. Mbuzi anatoa samadi. Samadi inakwenda kwenye mboga. Mboga zikikomaa mwanadamu anakula, na makapi yake yanarudi kwa mbuzi. Mti wenyewe unatoa kuni, kivuli, matunda na nguzo, na mizizi yake inashika udongo usichukuliwe na mvua.

Serikali yenyewe imekuwa ikilifahamu jambo hili tangu kale. Mwaka 1910 idara ya misitu ilianzisha mtindo uliojulikana kama mfumo wa shamba: mkulima anapewa kipande cha msitu uliokatwa, anapanda mahindi na maharagwe katikati ya miche ya miti ya serikali, anaipalilia yote pamoja, na miti ikishaanza kutia kivuli anahamia kipande kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtindo huo ulisimamishwa kwa sababu ya watu kuutumia vibaya, kisha Sheria ya Misitu ya 2005 ikafungua mlango tena, na sasa unaitwa PELIS.

Aidha, shirika la kimataifa linaloshughulikia kilimo mseto, ICRAF, lililoanzishwa mwaka 1977, liliweka makao yake hapa hapa Nairobi mwaka uliofuata. Liko Gigiri, safari ya matatu mbili kutoka Kawangware. Mwaka 2019 liliungana na CIFOR, shirika la misitu lenye makao Indonesia. Kwa hivyo maarifa yapo mjini kwetu. Tatizo si maarifa.

Mpangaji na mti

Tatizo ni huyu mwenye ploti. Hebu mfikirie mpangaji anayekwenda kumwomba ruhusa.

"Mzee, shikamoo. Naomba nipande mparachichi hapa nyuma ya choo."

"Marahaba, Mama Atieno. Na mti huo utazaa lini?"

"Ule wa kupandikizwa, miaka mitatu hivi."

"Na kodi ya mwezi huu utanipa lini?"

Mazungumzo yamekwisha. Mwenye ploti si mtu mbaya. Anajua jambo ambalo sisi sote tunalijua: katika nchi hii mti ni shahidi. Baba zetu walipogombania mpaka, mzee wa kijiji aliuliza kwanza, "Mti ule ulipandwa na nani?" Anayeruhusu mpangaji apande mti anaogopa kesho ataambiwa mahali hapa pana mwenyewe mwingine. Naye mpangaji hana haja ya kumwagilia miaka mitatu mti ambao matunda yake yataliwa na mpangaji atakayemfuata. Ndiyo sababu mitaa ya mabanda haina miti, wala si kwa sababu watu wake ni wavivu au ni wengi kupita kiasi.

Uwingi wa watu si kisingizio. Tazama Machakos. Katika miaka ya 1930 wakoloni walipiga kelele kwamba vilima vya Ukambani vinageuka jangwa. Hadi kufikia mwaka 1990 watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Lakini watafiti waliolinganisha picha za zamani na hali ya baadaye, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994, walikuta matuta kila mahali na miti mashambani imeongezeka badala ya kupungua. Kwa nini? Watu wale walikuwa na hakika kwamba ardhi ni yao na ya watoto wao, na soko la Nairobi lilikuwa karibu. Mtu akijua atakuwepo kesho, atapanda.

Basi swali la Kibera na Kawangware ni hili: mtu asiye na hakika ya kesho apande nini?

Mti unaohama

Jibu la kwanza ni kwamba apande kile anachoweza kuhama nacho. Mche ulio ndani ya kopo hauna mpaka wala shauri la ardhi. Ukifukuzwa unaubeba. Tazama vitalu vilivyo kando ya Barabara ya Ngong kuelekea Karen uone jinsi watu wasio na shamba wanavyojipatia riziki kwa kuotesha miti ya watu wenye mashamba. Kazi hiyo inahitaji udongo, samadi, makopo au pakiti tupu za maziwa, maji kidogo, na mkono wenye subira. Mbegu za mukinduri huokotwa chini ya mti wenyewe. Mbegu za miti ya kulisha mifugo huuzwa na kituo cha mbegu cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kilichoko Muguga, nje kidogo ya jiji.

Hapa ndipo mbuzi wa Kibera anapokutana na mti. Samadi yake, inayotupwa mtaroni na kuleta inzi, ndiyo inayotafutwa na wenye vitalu. Ikirundikwa mahali pakavu, ikafunikwa na kuachwa ioze vizuri, ni mali. Vilevile matawi yanayopogolewa kwenye nyua za wenye nafasi, na nyasi za nepia zinazokatwa kando ya mito na kusukumwa kwa mkokoteni, ni chakula cha ng'ombe wa Kawangware. Kwa hivyo kilimo mseto cha mjini kipo tayari. Ni kwamba shamba lake limetawanyika: mti uko kwa mmoja, mbuzi kwa mwingine, na mboga kwa wa tatu. Kinachokosekana ni watu hao watatu kujuana na kupatana.

Jibu la pili ni gunia. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vyakula vilipoadimika na bei kupanda, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilisaidia familia za Kibera kulima mboga katika magunia. Mtindo wenyewe ni rahisi. Unajaza gunia udongo uliochanganywa na samadi, katikati unapanga nguzo ya mawe madogo tangu chini hadi juu ili maji yapenye, kisha unatoboa matundu ubavuni na kupanda sukumawiki, mchicha, managu au saga pande zote na juu. Gunia moja hubeba miche zaidi ya 30 mahali ambapo ardhini ungepanda miwili mitatu. Dumu kuukuu au pipa lililotoboka linaweza kubeba mdamu, ule mti wa matunda damu, au mlimau, na kivuli chake chepesi kikayafunika magunia wakati wa jua kali.

Wala usidhani unavunja sheria kwa kulima mjini. Zamani askari wa jiji walifyeka mboga za watu bila huruma. Hata hivyo watu walilima. Utafiti wa Mazingira Institute wa mwaka 1985 ulikuta kwamba takriban familia moja kati ya kila tano za Nairobi ilikuwa ikilima ndani ya jiji. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Sheria hiyo inaruhusu kwa masharti, hasa kuhusu wanyama, kwa hivyo muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kujenga banda.

Tahadhari kabla ya hatari

Sitakuwa muungwana nikikusifia mambo haya bila kukuonya. Udongo wa gunia usiuchote jalalani wala karibu na gereji, kwa maana huenda una madini ya risasi yanayodhuru akili za watoto. Maji ya mto Ngong na ya Motoine yana uchafu wa vyoo, usiyamwagilie mboga. Maji ya kusuuzia mchele na viazi yanatosha gunia moja au mawili.

Mnyama naye asilale chumba kimoja na mtoto. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa shirika la utafiti wa mifugo, ILRI, walichunguza wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika mitaa ya Dagoretti kwa sababu ya kijidudu kiitwacho kriptosporidia, kinachotoka katika kinyesi cha ndama na kumwendesha binadamu tumbo. Kwa mtoto mchanga au mtu asiye na kinga ya mwili, kuendesha huko si jambo la mchezo. Dawa yake ni mambo ya kawaida: vaa buti unaposafisha banda, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua na baada ya kubeba samadi, wazuie watoto wadogo wasicheze bandani, na chemsha maziwa.

Kwako mwenye ploti

Wewe uliyeachiwa robo ekari pale Kawangware, usijenge vyumba hadi ukutani. Acha ukanda mwembamba mpakani. Panda mgrevilea umbali wa kutosha na nyumba. Mti huu uliletwa kutoka Australia ukatumika kutia kivuli kwenye mikahawa na michai, na wakulima wa nyanda za juu wakaupenda kwa sababu unavumilia kukatwa matawi mara kwa mara. Kila unapoupogoa unapata kuni, na kivuli hakizidi. Parachichi la kupandikizwa litakulisha na kukupa cha kuuza.

Mkaratusi uogope. Ni kweli unakua upesi na nguzo zake zina soko kwa wajenzi wa mabanda, lakini unakunywa maji mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na kwenye chemchemi. Usiupande mtoni wala karibu na msingi wa nyumba.

Na kandokando ya mto usijenge kabisa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na hapa Nairobi serikali ikaamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka mitoni, nyumba nyingi zikabomolewa. Mti si ukuta wa kuzuia gharika. Hata hivyo ukingo wenye mizizi na nyasi haubomoki kama ukingo mtupu, na mtu aliyepanda nepia hapo akipatwa na mafuriko hupoteza nyasi, hapotezi mtoto.

Shamba lako la pili

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wenu mnaoishi Kibera na Kawangware mna nyumba mbili. Moja ni chumba cha kupanga hapa, nyingine iko Siaya, Vihiga, Busia, Makueni au Murang'a, na huko kuna kishamba, labda ekari moja, kinacholimwa na mke au mama yako mzazi. Kila mwisho wa mwezi unatuma pesa kwa simu za kununua mbolea, mahindi na chakula cha ng'ombe. Pesa hizo zingepungua ungepanda miti huko.

Nitakupa hesabu. Kuna mti mdogo uitwao kaliandra, asili yake Amerika ya Kati. Katika miaka ya 1990 ulifanyiwa majaribio na wakulima wa Embu pamoja na watafiti. Walikuta kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha maziwa cha dukani. Ng'ombe mmoja anayepewa kilo 6 kwa siku anahitaji miti kama 500 kwa mwaka mzima. Utasema 500 ni msitu. La hasha! Inapandwa kama ua, nusu mita kutoka mti hadi mti, kwa hivyo miti 500 ni ua wa mita 250. Pima ekari moja ya mraba, mzunguko wake ni kama mita 254. Yaani ua wa kaliandra unaozunguka ekari yako unamlisha ng'ombe mmoja mwaka mzima, na mahindi yako hujayapunguza hata mistari miwili. Mwenye mbuzi anahitaji sehemu ndogo tu ya ua huo.

Mbegu zake loweka kwa maji baridi saa 48, otesha kitaluni miezi mitatu au minne, kisha panda mvua ikianza. Baada ya miezi 9 hadi 12 unaanza kukata, ukiacha kisiki cha kama mita moja, nacho kinachipuka tena. Mpe mnyama majani yakiwa mabichi, na yasizidi thuluthi moja ya chakula chake. Mti uitwao lusina ni ndugu yake na una lishe pia, ila tangu mwaka 1992 umekuwa ukishambuliwa na mdudu aliyeingia Afrika Mashariki mwaka huo. Isitoshe, nguruwe na sungura wakila lusina nyingi hunyonyoka manyoya.

Kwa wenzetu wa Nyanza na Magharibi, ambako shamba limechoka na mahindi yananyonywa na kayongo, kuna sesbania. Mizizi yake ina vifundo vinavyochukua nitrojeni hewani na kuiacha udongoni. Ukiupanda sehemu ya shamba ukauacha ukue mwaka mmoja au zaidi, kisha ukaukata, kuni zinakwenda jikoni, majani yanabaki kuwa mbolea, na mbegu za kayongo zilizodanganywa na mizizi yake huota na kufa kwa kukosa mahindi ya kunyonya. Watafiti wa ICRAF na wenzao wa Kenya waliufanyia kazi mtindo huu Maseno katika miaka ya 1990.

Mruhusu mama watoto

Lakini nani ataupanda? Wewe uko Kawangware unasukuma mkokoteni au unalinda lango la tajiri. Aliye shambani ni mkeo. Na hapa pana jambo ambalo wanaume hatupendi kulisema.

Katika jamii kadhaa za Magharibi mwanamke alikatazwa kupanda mti. Aliambiwa akipanda atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Sababu ilikuwa ileile ya mwenye ploti wa Kawangware: mti ni shahidi wa umilikaji, na mke hakutakiwa aonekane mwenye ardhi. Mwanamke huyo huyo ndiye aliyetembea na mzigo wa kuni mgongoni, akipita chini ya miti ya mumewe asiyoruhusiwa kuikata kwa sababu ni ya nguzo na ya kuuza.

Mradi mmoja wa kuni, KWDP, uliofanya kazi Kakamega katika miaka ya 1980, uligundua kwamba kuni hazikukosekana kwa sababu miti ilikosekana. Zilikosekana kwa sababu nani ana amri juu ya mti. Wakaleta kaliandra na sesbania na kusema hivi ni vichaka tu, wala si miti. Mwiko ukapata mlango wa nyuma. Wanawake wakapanda vichaka vyao, wakapata kuni, na hakuna mume aliyekufa kwa sababu hiyo.

Waama, sheria nayo imesema. Katiba ya mwaka 2010 inampa mke haki sawa na mume katika ndoa, na inataka mila zinazombagua mwanamke katika ardhi zikomeshwe. Lakini Katiba haifiki shambani upesi kama simu yako. Mpigie leo jioni. Mwambie: "Mama Otieno, panda ua pale mpakani, uwe wako wa kukata. Akija mtu kuuliza, mwambie mwenye boma amesema." Pesa ulizokuwa utume za gunia moja la chakula cha ng'ombe, tuma za mbegu. Nanyi akina dada mlio hapa mjini mnaolipa kodi wenyewe na kumsaidia mama aliye shambani, hamuhitaji ruhusa ya mtu. Tumeni mbegu.

Hili nalisema nikimkumbuka marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1974 mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata, eneo ambalo wakati huo lilikuwa pamoja na Kibera, akaahidi wapiga kura kazi. Wangari aliona ahadi ile haifai kuachwa hewani, akaanzisha kampuni ndogo ya kuotesha na kupanda miti ili watu wapate ajira. Kampuni haikudumu. Lakini wazo lilidumu, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa katika bustani ya Kamukunji, ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na alifariki hapa Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Wengi wa waliopanda miti yake walikuwa wanawake wa mashambani wasio na hati ya hata futi moja ya ardhi.

Serikali imesema inataka miti bilioni 15 ipandwe ifikapo mwaka 2032. Ni hesabu kubwa mno kwa mtu wa chumba kimoja. Yako iwe ndogo: gunia moja mlangoni, makopo 20 ya miche chini ya dirisha, na ua wa mita 250 kule nyumbani. Ukitaka kupanda mvua za masika zitakapoanza Machi, mbegu iwe imeingia udongoni mwezi wa Novemba. Mwenye mbuzi na ahesabu miezi vizuri, kwa maana mvua haimngoji mtu.

Jumapili njema.